Gari la Mjomba Saandi na Breki Isiyotajwa

Nakumbuka asubuhi niliyoshuka bandarini Mahajanga, mwanangu, ardhi ikiwa bado inayumba chini ya miguu yangu kama sitaha ya meli. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa basi hadi Dar es Salaam, nikangoja hapo chombo mpaka nguo safi zikaniishia. Kisha nikapanda meli ya mizigo iliyojaa saruji hadi Moroni, nikakaa kwa jamaa za marehemu mama yangu mpaka wakaanza kuniuliza kama nimekuja kuishi, na mwisho nikapata nafasi kwenye meli nyingine iliyokuwa ikivuka kwenda Bukini, yaani Madagaska. Kila mahali niliulizwa ninakwenda kufanya nini, na kila mahali nilitoa jibu jipya. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, mikono iliyozoea spana katika gereji ya baba yangu mdogo, na miguu isiyojua kutulia. Tangu utotoni nilisikia kwamba mama ana kaka huko Bukini na mama yake mzazi yuko hai. Nikaona hiyo ni sababu ya kutosha.

Leo nina miaka arobaini na kitu. Wapo watakaosema sijafikia umri wa kumwita mtu mwanangu na kumpa nasaha. Huenda. Lakini nimelala katika vyumba vingi vya kupanga, nimekula katika nyumba nyingi zisizo zangu, na jambo ninalokuandikia hapa nimelikuta katika kila nyumba. Basi nivumilie.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mjini watu walizungumza Kibuki, na maofisini Kifaransa. Kiswahili changu hakikunipeleka mbali. Kiliishia msikitini na katika nyumba za Wangazija wachache waliobaki, ambako Kingazija chao na Kiswahili changu vilipapasana mpaka vikaelewana. Nasema wachache waliobaki kwa sababu miaka michache kabla ya hapo wengi waliukimbia mji huo kwa ghasia ambazo wenyewe hawakupenda kuzisimulia. Mjomba wangu Saandi naye aliihamisha familia yake kisiwani Nosy Be wakati ule ule. Nilipomkuta Mahajanga, alikuwa amerudi kwa kazi moja tu: kununua gari.

Mjomba Saandi alikuwa mtu mfupi, mnadhifu, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata siku ya vumbi. Alinikumbatia, akalia kidogo kwa ajili ya mama, halafu akanishika mkono akanipeleka uani mwa nyumba waliyofikia yeye na mkewe.

"Umefika siku njema," akasema. "Mtazame bwana harusi."

Bwana harusi huyo lilikuwa gari la zamani la difu mbili, la kijani kilichopauka, limesimama juu ya magurudumu marefu, na nyuma lina turubai. Alikuwa amelinunua kwa Mfaransa mmoja mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Nililizunguka mara moja. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Mpira wa juu wa radieta ulikuwa na ufa. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Nilifungua mdomo kusema, na mke wake, Mkaza-mjomba Hadija, akanikanyaga mguu.

"Mashallah," akasema kwa sauti, akinitazama. "Sema mashallah, mwana."

"Mashallah," nikasema.

Baadaye, jikoni, alinieleza. Katika familia yao kitu kipya kilichonunuliwa hakitajwi kasoro mpaka kisomewe dua. Kukitaja ni kukitia jicho. Ukiona sahani ina ufa, unaitazama na kunyamaza. Ukiona godoro lina kunguni, unajikuna na kunyamaza. Na dua ya gari haikuweza kusomwa hapo Mahajanga. Ilikuwa lazima isomwe mbele ya Koko, bibi yangu mzaa mama, nyumbani kwake Nosy Be.

"Yaani tuliendeshe mpaka Ankify, kwenye kivuko cha kisiwani, hivyo hivyo?" nikauliza. "Barabara yote ile?"

"Kwani lina nini?" akajibu Mkaza-mjomba, akakuna nazi yake kwa nguvu zaidi.

Sasa uelewe kwa nini hatukuweza kungoja. Koko alikuwa na shamba la milangilangi katikati ya kisiwa. Maua ya langilangi huchumwa alfajiri, na yanatakiwa yaingie katika chungu cha kukamulia manukato yakiwa bado ya manjano. Yakichelewa njiani hugeuka kahawia, na kiwanda huyakataa. Njia ya kutoka shambani ilipanda kilima cha udongo mwekundu. Mvua zikianza, mikokoteni ya ng'ombe ilizama hapo, na maua yakaozea katika vikapu. Kiwanda kilikuwa kimemwahidi Mjomba kazi ya kubeba maua ya mashamba yote ya upande ule, kwa sharti kwamba alete gari la kuweza kilima kabla mvua hazijakolea. Akishindwa, kazi hiyo angepewa mtu mmoja mwenye trekta, ambaye alikwisha kusema wazi kwamba hatabeba ua la shamba lisilo lake. Koko angelazimika kumuuzia shamba. Mjomba alikuwa ameweka vyote alivyokuwa navyo katika gari lile, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa bara.

Nikaamua kulitengeneza bila kulitaja. Asubuhi iliyofuata nilikuwa chalichali chini yake.

"Unatafuta nini huko?" Mjomba aliinama, kofia mkononi.

"Naliosha, Mjomba."

"Tumboni?"

"Tumbo ndilo lililokula vumbi zaidi."

Akavaa kofia yake. "Basi osha vizuri," akasema, akaondoka akipiga mluzi.

Nilivimwagia vichwa vya betri maji ya moto, nikavikwangua vikang'aa. Vifungio vya magurudumu ya mbele, ambavyo huzungushwa kwa mkono ili magurudumu yote manne yavute, vilikuwa viwili, na cha kulia kilikuwa kimeganda kwa kutu. Nikakilowesha mafuta ya taa kutwa nzima, nikakigongagonga kwa ubao mpaka kikazunguka. Spea hazikuwepo madukani miaka ile. Hata sabuni ikipatikana ilikuwa habari. Kwa hiyo mpira wa radieta niliuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, safu juu ya safu, nikaukaza kwa waya. Mjomba alipofunua boneti aliuona.

"Na hiki?"

"Kilemba."

"Gari langu limezeeka ghafla?"

"Limekwenda hija, Mjomba."

Alicheka hadi akajifuta macho. Nikaona kwamba anajua ninachofanya na amekubali, mradi neno lisitoke. Breki nilizijaribu pia, mitaani, tena na tena. Pedali ilikuwa ngumu, gari lilisimama vizuri, na hapakuwa na tone la mafuta kwenye gurudumu lolote. Nikaridhika.

Tuliondoka watatu: Mjomba kwenye usukani, Mkaza-mjomba katikati, mimi mlangoni nimeshika kamba. Nyuma tulipakia mchele, mikeka na sanduku la vipande vya sabuni ambavyo Mjomba alivikusanya kwa muda mrefu kwa ajili ya wageni wa dua. Barabara ilikuwa mashimo na vumbi jekundu. Mkaza-mjomba alijifunika pua kwa leso njia nzima, na mara mbili tulisimama akatapika.

"Unaumwa, Mkaza-mjomba?"

"Safari tu," akasema. "Endesheni."

Mjomba aliendesha kwa namna niliyoiona ya ajabu. Kabla ya kila mteremko alikuwa akikanyaga breki kwa haraka, mara kadhaa, kama mtu anayepiga cherehani. Nilidhani ndivyo alivyofundishwa. Tulipita Boriziny, na baada ya sala ya adhuhuri macho yake yakawa mazito.

"Shika wewe," akaniambia. Alitazama pedali, akanitazama. "Wewe ni fundi. Utalisikia mwenyewe."

Sikumuuliza nitasikia nini.

Baada ya mwendo kidogo tulifika kwenye mto mkubwa ambapo magari yalikuwa yakivushwa kwa pantoni. Njia inashuka kwa muda mrefu, inapinda mara moja, halafu inakwenda moja kwa moja hadi majini. Chini kabisa kulikuwa na lori limesimama likingoja zamu, na pembeni yake wanawake na vikapu vyao vya samaki wakavu. Nilikanyaga breki kwenye kona, ikashika. Nikaendelea kuikandamiza. Na wakati mguu wangu ukiwa juu yake, pedali ikaanza kuzama, polepole, laini, mpaka ikagusa sakafu.

"Mjomba, breki!"

Mjomba akaanza kujipiga paja kwa kiganja. Pa, pa, pa. Jasho lilimtoka.

"Breki haipo, Mjomba!"

"Mashallah," akasema kwa sauti nyembamba, "gari zuri," na akaendelea kujipiga paja, pa, pa, pa, akinikazia macho kama bubu anayeomba maji.

"Saandi!" Mkaza-mjomba alipiga ukelele. "Tunakufa! Sema!"

"Kanyaga!" akalipuka. "Achia ukanyage tena! Mara tatu, mara nne! Alinambia, yule Mfaransa alinambia!"

Nilikanyaga. Ya pili haikushika, ya tatu ikashika nusu. Nikalazimisha gia ya chini, gari likalia kama ng'ombe, nikakata kulia kwenye matete. Tulipita karibu na lori kiasi kwamba nilisikia turubai letu likikwaruzika. Kisha tope likatupokea hadi kwenye ekseli, na kimya kikaingia. Kikapu kimoja cha samaki kilikuwa chini ya gurudumu letu. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mzima, anatutukana kwa Kibuki kwa ufasaha ambao sijausikia tena maishani.

Dereva wa lori alikuja akitembea bila haraka. Alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, wa makamo, mkubwa wa mwili, jina lake Bezara, mwenye Kiswahili cha kuokota bandarini.

"Nyinyi silamo," akasema, maana yake Waislamu, "mnakimbilia wapi? Mto hauondoki."

Mjomba alishuka. Kofia yake ilikuwa imeanguka topeni na hakuiokota. Alisimama mbele yangu kama mtoto.

"Aliniambia tangu siku ya kwanza," akasema. "Likipata moto, breki inazama. Ukanyage mara nyingi kabla ya mteremko."

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, mwanangu, lakini yule alikuwa kaka wa mama yangu. Mkaza-mjomba ndiye aliyesema.

"Ungetuzika kwa adabu yako, Saandi! Na mimi mjinga mwenzako! Gari linanuka petroli tangu Mahajanga, kichwa kinanipasuka, nami nasema safari tu, safari tu!"

"Petroli?" nikauliza.

"Hapa!" Akapiga sakafu kwa kisigino. "Hapa chini ya miguu yangu! Na kiti hiki kina msumari!"

Bezara alituangalia mmoja mmoja. "Mna gari la namna gani," akauliza, "ambalo kila mtu anajua kipande chake peke yake?"

Tulilikwamua kabla ya alasiri. Nilizungusha vifungio vya mbele, watu wa pantoni wakasukuma, magurudumu manne yakauma pamoja na gari likapanda. Wao walitaka tuvuke mara moja kwa sababu ngurumo zilikuwa zinasikika juu mtoni. Mjomba naye alitaka tuvuke.

"Hatuvuki," nikasema.

"Mwana, mvua inakuja. Ikitukamata upande huu tumekwisha. Trekta la yule bwana halingoji."

"Ng'ambo nako hakukosi mteremko kama huu. Na baada ya huo kuna mwingine. Silitoi hapa mpaka breki ishike, Mjomba. Ukitaka kulivusha, liendeshe mwenyewe na Mkaza-mjomba abaki na mimi."

Sikuwahi kusema na mkubwa hivyo. Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na haki ya kunipiga kofi, na nadhani alilifikiria. Halafu akaketi juu ya sanduku la sabuni.

"Unahitaji nini?" akauliza.

Nilifungua silinda kuu ya breki juu ya mkeka. Ndani yake mna raba ndogo inayosukuma mafuta, na ukingo wa raba hiyo ulikuwa umeliwa. Mafuta yakiwa baridi na mazito, ilimudu. Yakipata moto yalipenya pembeni na kurudi nyuma, pedali ikazama, na nje lisionekane tone. Ndiyo maana mitaani Mahajanga nisingeweza kuiona hata kama ningelala chini ya gari lile mwezi mzima. Ni mtu aliyeambiwa tu ndiye aliyejua.

Bezara alikuwa na kopo la vikorokoro alivyovuna katika malori yaliyokufa. Tulimwaga vyote, tukapima, tukakuta raba moja ya kadiri ile ile, iliyotumika lakini ukingo wake mzima. Kwa malipo akanionyesha sanduku alilokalia Mjomba. Huko alikokuwa anakwenda sabuni ilikuwa haijaonekana muda mrefu. Mjomba, aliyeilinda sabuni ile kama mboni ya jicho, alimjazia vipande mikononi bila kuhesabu, kisha akachukua vingine akampelekea yule mama wa samaki.

Ilibaki kusafisha silinda. Petroli huharibu raba, na maji hayafai. Bezara akaleta chupa ya toaka, pombe kali ya kienyeji.

Mjomba alisimama. "Pombe? Kwenye gari litakalosomewa dua?"

"Hainywewi, Mjomba. Inaoshwa nayo, halafu inakauka."

"Astaghfirullah." Aligeuka upande wa mto. "Fanya. Mimi sioni."

"Sasa limelewa," Bezara akasema nilipomaliza. "Msiliache liende peke yake."

Hata Mkaza-mjomba alicheka. Bezara alitupa pia mafuta ya breki kidogo kutoka chupa yake mwenyewe. Nilikaza bomba la petroli lililokuwa linavuja chini ya miguu ya Mkaza-mjomba, nikang'oa na ule msumari. Halafu nikapanda na gari mlimani, nikashuka nalo taratibu huku nikishikilia breki. Nikapanda tena. Mvua ya kwanza ilinikuta katika kazi hiyo. Mjomba alisimama kwenye kona ametota, na kila nilipompita alipiga kelele, "Tena!" Pedali ilipopata moto na isizame, alinyoosha mikono juu, akaja akafungua mlango wangu.

"Sasa tuvuke," akasema.

Kuanzia hapo, mwanangu, njia yote hakunyamaza. "Kushoto kuna mlio kama panya! Gia ya tatu inaruka! Honi imekufa!" Baada ya Antsohihy barabara iligeuka uji. Tulizama, tukachimba, tukakata matawi, tukatoka, tukazama tena. Mkaza-mjomba alikuwa akishuka bila viatu na kuzungusha vifungio vya mbele kabla sijamwomba. Kamba ya mlango ilikatika, tukafunga nyingine. Kilemba cha radieta kilivuja, nikakifunga upya. Hakuna aliyeuliza kama tutafika. Tuliuliza tu kinachofuata ni nini. Tulipoteremka Ankify na kuona bahari, Mjomba alizima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani, akakaa hivyo. Siku iliyofuata gari lilivushwa kwa tishari, kisiwa cha Nosy Komba kikatupita ubavuni, nami nikamwona bibi yangu kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amesimama mlangoni, mdogo kuliko nilivyomdhania, uso amepaka msindano, ule urembo mweupe wa msandali. Alinishika mashavu akasema jina la mama yangu, si langu. Hilo ni la moyo wangu, tuliache.

Ukumbini wazee wa dua walikwisha kukaa. Chetezo kinafuka, sinia za wali ziko tayari. Majirani walikuwa wamejaa nje wakilizunguka gari, kila mmoja na mashallah yake. Mjomba alisimama katikati, akatufanyia ishara mimi na mkewe kwamba sasa tufumbe midomo. Koko aliiona ishara hiyo.

"Mnaficha nini?" akauliza.

"Hatufichi, mama. Ni desturi. Kitu kipya hakitajwi kasoro."

"Desturi ya nani?"

"Yako, mama," Mjomba akasema kwa mshangao. "Umetulea nayo."

Koko alimwomba radhi mwalimu aliyengoja kusoma dua, akatuita sisi watatu chumbani mwake na kufunga mlango kwa komeo.

"Alipoolewa dada yako," akamwambia Mjomba, "wanawake wa mtaa walikuja kutazama vyombo vyake. Kila mmoja alikuwa na lake. Sufuria nyembamba, kitanda kifupi, leso si za rangi hii. Mwanangu akalia siku ya harusi yake. Tangu hapo nikasema, mgeni akiingia kwangu hatataja kasoro ya kitu kipya. Mgeni, Saandi! Nilimfunga mdomo mgeni. Nani alikwambia nimemfunga mwenye nyumba?"

Koko akatuonyesha mkeka tuketi.

"Mtakaa ndani ya gari hilo nyinyi. Nitakaa mimi. Halafu mnakwenda kumwomba Mungu alilinde, nanyi hamjaambiana linaumwa wapi? Haya, mlango umefungwa. Semeni."

Tukasema. Tulisema breki na raba ya lori lililokufa, kilemba cha radieta, gia ya tatu, bomba la petroli, mlango wa kamba. Mjomba akataja hata pombe, macho chini, na Koko akaguna tu. Mkaza-mjomba akaongeza msumari, ingawa ulikwisha kung'olewa. Koko alisikiliza yote, akauliza nani atatazama kipi na mara ngapi, na hakutufungulia mpaka kila jambo lilipopata mtu wake. Ndipo akafungua komeo, na dua ikasomwa.

Asubuhi ya kazi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mwenye trekta alikuja mwenyewe kusimama chini ya kilima, shuka kiunoni, anatafuna mkate. Tulipakia vikapu vya maua ya Koko na vya jirani zake mpaka turubai likavimba na harufu ikatulevya. Nilizungusha vifungio, nikatia gia ndogo, nikapanda. Katikati ya kilima gari liliteleza kando, likasimama likitetemeka. Breki ilishika. Nilipumua, nikaachia klachi kidogo kidogo, na tope jekundu likaanza kuruka nyuma yetu. Tulipofika kiwandani msimamizi aliingiza mkono katika kikapu cha chini kabisa, kile kinachoharibika kwanza, akatoa ua. Lilikuwa la manjano. Akafungua lango kwa upana. Shamba la Koko halikuuzwa.

Nilikaa Nosy Be miaka mingi kuliko nilivyokaa popote. Lile gari lilikuwa halikosi ugonjwa. Likipona huku linaumwa kule, kwa kuwa kitu kilichotumiwa ndivyo kilivyo. Lakini kila Alhamisi jioni tulikaa chumbani kwa Koko, mlango umefungwa, kila mtu akasema alichosikia na alichonusa wiki ile. Halikutuangusha kilimani hata siku moja. Koko alifariki dunia katika kitanda chake, shamba likiwa lake. Baadaye wageni wa kizungu wakazidi, ufuko wa Ambatoloaka ukajaa hoteli, wengine wakaacha maua wakabeba watalii. Mjomba hakuacha. Mimi ndiye niliyeanza kutazama meli.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, niiseme bila kuzunguka. Utanunua vitu vilivyopita mikononi mwa wengine. Utaoa au kuolewa na mtu aliyeishi kabla yako, utaingia katika kazi iliyoanzwa na mwingine. Kasoro zitakuwemo, na nyingi ni ndogo. Usizitangaze barazani, watu wa nje hawana wanachokusaidia kwa kuzijua. Lakini yule mnayepanda naye mwambie, siku ile ile, ingawa ni mkubwa wako na ingawa unaona haya. Ukiambiwa, usikasirike, chukua spana. Na ukijua jambo halijawa sawa, usivuke mto kwa sababu watu wana haraka. Kaa hapo hapo, lifungue, lijaribu likiwa na moto, ndipo uvuke.

Siku niliyoondoka kabisa ilikuwa siku ya mavuno. Mjomba aliniaga alfajiri, kwa sababu maua hayangoji, akaondoka na gari kwenda shambani. Kwa hiyo nilikwenda bandarini kwa miguu, sanduku begani, Mkaza-mjomba Hadija akinisindikiza na mwavuli wake. Kutoka gatini tulilisikia upande wa kilimani, linapanda kwa gia ndogo, halikati pumzi. Tulisimama tukilisikiliza mpaka sauti ikapita juu ya kilima. Kisha aliniwekea mkono kichwani akaniombea, na maneno yale yale nakupa wewe nami: Mungu akupe njia utakayoiona mbele, mkono wa kutengeneza kitakachoharibika, na watu wa kukaa nao ndani ya mlango uliofungwa wakakwambia kweli. Akufikishe, na huko utakakofika wakukute mzima. Amina.